Nani Anashika Bureti?

Miaka yangu ya mwanzo nikifundisha kemia katika sekondari ya kutwa, niliamini kwamba kumsaidia mwanafunzi dhaifu ni kumpunguzia ugumu. Waliosoma shule za msingi kwa Kiswahili, ambao ndio wengi, niliwapa maswali ya kutaja tu, na hesabu za moli (kipimo cha kiasi cha dutu) nikawaachia wachache waliozoea Kiingereza tangu utotoni. Kumbe kwa huruma hiyo nilikuwa nikiamua mapema nani ataendelea na kemia Kidato cha Tatu, ambapo halikuwa tena somo la lazima.

Maabara ndiyo iliyonifumbua macho. Nilikuwa na wanafunzi 62 na bureti 8 (mirija ya kioo yenye vipimo na koki chini, ya kupimia vimiminika), na karibu kila kundi mvulana mmoja ndiye aliyeshika koki huku wasichana wakiandika namba. Siku moja nilimwita mmoja wa waandishi hao asome bureti. Aliitazama kutoka juu, akasoma sentimita za ujazo 23.90 mahali palipokuwa 24.10, ingawa daftari lake lilikuwa na majibu safi kuliko yote: 24.50, 24.50, 24.50. Yalikuwa yamepikwa, na mpishi hakuwa yeye peke yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiyawekea alama ya vema.

Mwalimu mwenzangu, usishushe kipimo, badilisha zamu. Kwangu mshika koki, msomaji na mwandishi hubadilishana kila jaribio linapokwisha. Asidi ni ghali, kwa hiyo wiki ya kwanza bureti hujazwa maji ya bomba, na kila mmoja husoma jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa maji. Majibu yakipishana zaidi ya 0.20, anarudia, hata akiwa mtoto wa mwalimu (jambo ambalo limeniletea maneno ofisini). Tukifika kwenye asidi, namwacha pia aeleze kwanza kwa Kiswahili kwa nini rangi ya mchanganyiko imebadilika, kisha aandike kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani wa Kidato cha Nne utamtaka Kiingereza. Wapo wanaoita huko kulegeza, lakini asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha anayoimudu amelikariri tu.

Mwandishi wangu yule alibaki jioni ile akarudia mara tano. Alipopata 24.05 na 24.15 aliniuliza, kalamu ikiwa hewani, kama azifanye zilingane. Nikamwambia aandike alichokiona.