Shangazi, nilale mbele peke yangu au nikae nyuma na mume wangu?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 54, nauza vitambaa Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mwaka wa tisa huu nafuata mzigo Guangzhou kupitia Dubai, mara mbili au tatu kwa mwaka, na siku zote nakaa nyuma. Maili zangu, zile pointi ambazo shirika la ndege hunipa kila nikisafiri nao, zimefika 150,000. Binti yangu wa pekee yuko Manchester, anatarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza mwishoni mwa Novemba, na nimemwahidi kukaa naye mpaka arobaini ipite. Nimeangalia kwenye akaunti: kwenda na kurudi kwa daraja la biashara, kule mbele ambako kiti hugeuka kitanda, ni maili 145,000 na kodi dola 780. Daraja la kawaida ni maili 70,000 na kodi dola 430, kwa hiyo zinatosha watu wawili. Mume wangu alistaafu mwaka jana, na ndege aliyowahi kupanda ni ya Mwanza tu. Anasema twende wote, 'kiti ni kiti, ndege ikitua tunatua wote'. Dada yangu anasema nimeteseka vya kutosha, nilale. Ukweli, Shangazi, nakitaka kile kitanda. Naona aibu hata kuandika. Miguu yangu huvimba kila safari, na nikipita kwenye vile viti vya mbele huwa naangalia chini. Nifanyeje? Mama Vitambaa, Dar es Salaam."

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa mjukuu anayekuja, na Mungu amjalie binti ajifungue salama salimini.

Aibu iweke pembeni kwanza. Maili hizo hukuziokota barabarani. Umezipata ukiwa umebanwa katikati ya watu wawili usiku kucha, unashuka hujafumba jicho, unakwenda moja kwa moja kupapasa majora ya vitambaa na kubishana bei kwa kikokotoo. Mtu aliyekaa miaka tisa akitamani kulala mara moja, sioni anamkosea nani.

Ila kwenye barua yako umefunga mambo mawili fundo moja, ndiyo maana hulifungui. Kuna hesabu ya maili, na kuna mumeo. Nitaanza na hesabu, maana ndiyo nyepesi.

Nilimwomba kijana mmoja wa wakala wa tiketi hapa mjini aniangalizie bei za taslimu kwa tarehe zako. Kwenda na kurudi daraja la kawaida alinipa dola 950, la biashara dola 3,400. Sasa toa ile kodi utakayolipa hata ukitumia maili. Kwenye kawaida, maili 70,000 zinakuokolea dola 520. Kwenye biashara, maili 145,000 zinakuokolea dola 2,620. Yaani kila maili 1,000 zinakupa kama dola 7 ukikaa nyuma, na dola 18 ukilala mbele. Hapo ndipo wajuzi wa maili wanapokwambia kwamba kutumia maili kukaa nyuma ni kuzitupa.

Mimi sikubaliani nao, na nakuomba unisikilize vizuri hapa, wewe ambaye maisha yako yote ni kununua na kuuza. Hizo dola 3,400, ungewahi kuzitoa mfukoni ili ulale usiku mmoja wakati wa kwenda na mmoja wakati wa kurudi? Hungezitoa. Hizo ni marobota ya vitenge. Kitambaa hakina thamani ya bei iliyobandikwa dukani kwa jirani, kina thamani ya pesa ambayo mteja wako yuko tayari kuitoa. Basi jiulize, kwa pesa yako mwenyewe, kitanda kile cha kwenda na kurudi ungekilipia ngapi mwisho kabisa? Nikikukadiria dola 1,300, toa 780 za kodi, inabaki 520. Ni 520 ile ile ya daraja la kawaida, lakini umeipata kwa maili mara mbili na zaidi! Kama ungelipa 2,000, hesabu inageuka. Jibu hilo halipo kwenye akaunti ya shirika wala kwa dada yako. Liko kwako.

Na hiyo kodi ya dola 780 kwa tiketi ya "bure" isikushangaze. Maili hulipia nauli tu. Kodi za viwanja, na mara nyingi tozo ambazo shirika lenyewe hujiongezea, unalipa taslimu. Halafu Uingereza wana kodi yao ya abiria wa anga, inayotozwa ndege inapoondoka kwao. Anayeondoka daraja la juu hutozwa zaidi ya mara mbili ya anayekaa nyuma. Kwenda kwao haitozwi, ni kuondoka tu. Liweke kichwani hili, tutalirudia.

Kuna kosa moja nililifanya mwenyewe, na bado linaniuma. Nilikuwa na maili 61,000 kwenye shirika moja, nikizidunduliza nimpeleke mama yangu umra kwa kiti kizuri. Kila nikiangalia, hazitoshi kwa viti viwili vya mbele, nasema acha zijae. Siku moja nikafungua akaunti, nimekaa jikoni, chai mkononi, nakuta 4,200. Nyingine muda wake ulikuwa umekwisha. Barua pepe ya kunikumbusha walituma, sikuifungua. Mama alikwenda mwaka uliofuata kwa tiketi ya kununua, kiti cha nyuma, dirishani, na mpaka alipofariki alikuwa akitusimulia mawingu. Kile kiti kizuri hakuwahi kukiulizia. Nilikuwa nakitaka mimi, kwa ajili yake.

Kwa hiyo leo hii fungua akaunti uangalie maili zako zinakwisha lini. Za Skywards, mpango wa maili wa shirika la Emirates, kwa mfano, huishi miaka mitatu na hufutika mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Za Flying Blue, wanazotumia KLM na Air France, huenda miezi 24 na huongezewa muda ukisafiri. Kila shirika na sheria yake, na wewe wa miaka tisa hakika kuna zinazokaribia ukingoni.

Sasa mumeo.

Nimeisoma ile kauli yake, "ndege ikitua tunatua wote", mara nyingi. Dada yako ameisikia kama ubahili. Mimi nimemsikia mwanaume aliyekuwa akitoka kila asubuhi kwenda kazini, sasa anabaki nyumbani, na mke ndiye anayeondoka na sanduku. Miaka tisa amekusindikiza uwanjani akarudi peke yake. Safari hii kuna mjukuu, damu yake, na anaomba asiachwe getini. Hajakuomba kiti, mdogo wangu. Amekuomba umjumuishe safarini. Ukimjibu kwa habari za kitanda, ataelewa kwamba kitanda kimemshinda yeye. Hiyo kauli haifutiki kirahisi kwenye ndoa.

Na ndege moja, mke mbele mume nyuma, pazia katikati? Wako wanaoweza, wanacheka wakikutana kwenye mikanda ya mizigo. Nyie siwaoni humo.

Ninavyoiona safari yako, hamna haja ya kuondoka siku moja. Wiki mbili kabla ya kujifungua na siku za kwanza baada yake, nyumba inakutaka wewe. Ni kumkanda binti, kumwogesha mtoto, uji wa pilipili manga, kuamka saa nane usiku. Baba yake siku hizo atakaa sebuleni hajui aweke wapi mikono. Basi wewe tangulia, peke yako, daraja la biashara, kwenda tu. Mume aje baadaye, mtoto akiwa amekaza shingo kidogo na binti anatembea, akae nanyi wiki mbili tatu za mwisho. Halafu mrudi pamoja, daraja la kawaida, viti viwili vya kufuatana.

Piga hesabu. Mashirika mengi hukata maili za kwenda na za kurudi mbali mbali, na kwa bei ulizonipa nusu ya 145,000 ni 72,500. Kurudi wawili kawaida ni 35,000 mara mbili, yaani 70,000. Jumla 142,500. Zinatosha, na zinabaki 7,500. Kitanda umekipata kwenye usiku unaokufaa. Ukipata ndege inayoondoka Dar mchana, unaunganisha Dubai usiku, na unafika Manchester asubuhi, na kazi inakusubiri mlangoni. Wakati wa kurudi mnatoka mchana, na ukifika Dar ukachoka, nyumba ni yako, lala siku mbili. Na kwa kuwa unaondoka Uingereza ukiwa nyuma, ile kodi yao ya daraja la juu haikuhusu.

Kinachobaki ni tiketi ya mumeo ya kwenda. Hiyo ailipe yeye, kwa mafao yake. Sisemi hivi kumkomoa. Mwanaume aliyestaafu akijilipia safari ya kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, ataingia nyumba ya binti yake akiwa mgeni aliyejileta mwenyewe. Ila tahadhari moja: tiketi ya kwenda tu kwa taslimu mara nyingine haiwi nusu ya bei, huweza kukaribia ya kwenda na kurudi. Aulize na kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa, Turkish kupitia Istanbul na Qatar Airways kupitia Doha, asing'ang'anie shirika lako. Na kama hizo pesa hazipo, kama zitatoka kwenye mtaji wa duka au ada ya mtu, basi achana na mpango wangu, chukueni mbili za kawaida kwenda na kurudi mmalize. Kitanda kisile duka.

Kuhusu miguu, hapo nina wasiwasi kidogo, na kiti siyo dawa yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba safari ya saa 4 na zaidi huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Chanzo ni kukaa muda mrefu bila kujongea, na basi la Dar kwenda Mwanza lina hatari hiyo hiyo. Daraja la biashara halikukingi ukilala kama gogo. Inuka, tembea, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji. Lakini miguu inayovimba kila safari, kwa mtu wa miaka 54, nenda ikaangaliwe hospitali kabla hujakata tiketi, hasa ukiuona mmoja unavimba kuliko mwenzake au una maumivu. Usiniambie huna muda, Guangzhou umepata muda.

Viti vya maili huwa vichache, vya mbele ndio zaidi, kwa hiyo usingoje Oktoba. Uliza kwanza gharama ya kufuta au kusogeza tarehe. Tiketi za maili mara nyingi hufutika kwa ada na maili zikarudi, na mtoto hana kalenda. Angalia pia ni ndege gani. Kwenye baadhi ya Boeing 777 daraja la biashara bado lina viti vitatu katikati, na ukiangukia cha kati utamruka mtu usiku, ilhali kwenye A380 za Emirates kila kiti cha biashara kina njia yake. Viza zenu zishughulikieni mapema, hata ya mzee ingawa anafuata baadaye. Na kwenye mzigo weka kanga, mdalasini na pilipili manga zako, lakini nyama na maziwa acha, Uingereza hawaruhusu kuingia navyo.

Usiku wa leo, kabla hujagusa akaunti, kaa na mumeo. Anza kwa kumwambia unataka aje, na lini. Kisha mwambie na hili la kitanda, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, pamoja na habari ya kuangalia chini ukipita kwenye vile viti. Nadhani hajui. Miaka tisa umekuwa ukirudi na zawadi na hesabu za mzigo, miguu umeificha ndani ya dera.

Na siku ya kurudi, mkichagua vile viti viwili, cha dirishani mpe yeye.