Mnaoandika taharuki na kiwewe, hebu tukae chini kidogo

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za wadogo zangu mnaoanza riwaya za taharuki, zote zina mwanamke aliyenusurika balaa, zote anakutana na mwanaume mpole sura ya 4, na zote sura ya 7 keshapona. Jamani! Nawapenda na ndo maana naandika haya, maana makosa ni yaleyale na mengine niliyafanya kabla yenu.

1. Taharuki sio kushtua. Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake Truffaut vizuri tu, bomu likilipuka ghafla chini ya meza mtazamaji anapata mshtuko wa sekunde 15, ila akijua lipo na waliokaa mezani hawajui wanapiga stori zao, hiyo ni taharuki ya dakika 15. Sasa nyie bomu lenu kila mara ni mhalifu aliyetoroka jela. Liweke ndani ya mwili wa mhusika. Msomaji anajua harufu ya rangi mbichi ndo inayomrudisha kwenye kile chumba, alafu mpenzi wake asiyejua lolote kaamua kumfanyia sapraizi, kapaka ukuta wa sebule. Binti anapanda ngazi, funguo mkononi. Hapo bunduki ya nini?

2. Kisengerenyuma, yaani pale hadithi inaporudi kwenye yaliyopita, kisisomeke kama maelezo ya polisi. Kumbukumbu za kiwewe mara nyingi zinakuja vipandevipande, mtu anakumbuka kifungo cha shati na hakumbuki ilikuwa saa ngapi. Na mhusika akiulizwa "mbona hukupiga kelele", kitabu kijue jibu: mwili unaweza kuganda wenyewe, hakuna anayeuchagulia.

3. Muda. PTSD yenyewe, yaani ugonjwa wa kiwewe kinachobaki baada ya balaa, iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na kwa mwongozo huo ulivyo sasa dalili lazima zizidi mwezi mmoja ndo iitwe hivyo. Mwezi mzima kabla ya kupewa jina tu, wewe umemponya wikiendi moja!

4. Hapa naomba mnivumilie. Rasimu yangu ya pili ilikuwa na mwanamke ambaye kabla ya kulala anagusa komeo la mlango mara 4, anaenda kitandani, anarudi kuligusa mara ya 5 kwa kiganja chote, kama mtu anayempima mtoto homa. Kila aliyesoma alisifia palepale, mhariri aliandika pembeni "hapa nimelia", na mimi nikafurahi. Ila lile komeo sikulibuni. Rafiki yangu aliniambia usiku mmoja tukiwa wawili tu, baada ya miaka ya urafiki, na kabla ya kuniambia aliniuliza "hii inabaki hapa?" nikajibu inabaki. Nikajidanganya kwamba nimebadilisha jina, kazi na umri kwa hiyo sio yeye tena, alafu kibaya zaidi nikampa mswada asome kwa sababu nilitaka na yeye anisifie. Ulirudi baada ya siku 2, kijikaratasi kimekaa ukurasa wa 41, hakuendelea. Hakunigombeza. Alisema tu "umeweka mpaka kiganja." Baada ya hapo tukionana anaongea kazi, anaongea mvua, basi. Kurasa 300 za mtu anayejifunza kuamini tena, na mtu wa kweli aliyeniamini ndo nimemfungia mlango. Nilifuta tukio lote, mhariri akalalamika sana, nikamwambia halikuwa langu. Ombeni ruhusa kwa maneno, sio kwa kudokeza, na mkikataliwa muache. (Haya ninayoandika ameyasoma kabla yenu, kuna sentensi 2 amezitoa, komeo ameliruhusu yeye.)

5. Imani inarudi kwa vitu vidogo ambavyo havina hata mvuto wa kusimulia. Msamaha nilimwomba mara moja, nikaacha kumsumbua. Nikisema nitapiga saa 12 napiga saa 12, nikiona nachelewa natuma meseji kabla. Miezi imeenda hivyo. Na hiyo ndo ploti yenu! Yule mwanaume mpole asimwokoe mtu, asimamishe gari pale alipoambiwa asimamishe na asiulize kwa nini. Mara ya kwanza msomaji haoni kitu, mara ya 3 ameshaanza kuogopa kwamba leo atavunja ahadi, na huyo msomaji hataweka kitabu chini. Alafu mruhusuni binti arudi nyuma, aliyefungua mlango sura ya 10 anaweza kuufunga sura ya 12 na ploti haijaharibika.

6. Unayempa rasimu asome mwambie mapema ndani kuna nini.

7. Mwisho usiwe lazima harusi, au mhalifu amekufa na jua linachomoza. Tafuta tendo moja dogo ambalo sura ya kwanza asingeliweza. Juzi rafiki yangu aliniomba mwenyewe nimsomee sura mpya. Alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango kama siku zote, na katikati ya kusoma akanyanyuka kwenda kuchemsha maji, akanipa mgongo, akasema "endelea, nasikia." Nikapandisha sauti kidogo ili ifike jikoni.