Maswali ya Wasomaji: Umeiona Tashibihi, Sasa Useme Nini?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu tamathali za semi katika maandishi ya Kiingereza. Tumechagua tano. Mifano ya Kiingereza tumeitunga wenyewe, isipokuwa pale tulipotaja chanzo.

Nikichambua shairi au insha ya Kiingereza, tamathali naziona zote: tashibihi, sitiari, takriri, chuku. Nazitaja moja baada ya nyingine na kueleza kwamba "zinaipa kazi mvuto". Alama zinakuwa kiduchu. Nakosea wapi?
*Mpenda Mashairi*

Kosa liko kwenye huo "mvuto". Sentensi inayoweza kubandikwa kwenye shairi lolote haijasema kitu kuhusu shairi ulilopewa. Jipime hivi: funika jina la shairi katika jibu lako, kisha ulisome. Kama lingefaa shairi jingine bila kubadili neno, bado hujajibu.

Tuchukue sentensi moja: "His apology arrived like a bill." Radhi yake ilifika kama ankara. Kuitambua tashibihi ni kazi ya sekunde mbili, maana "like" ipo pale inakukodolea macho. Uchambuzi unaanza baada ya hapo.

Kwanza tenga pande mbili: kinachozungumziwa ni radhi, kinachofananishwa nacho ni ankara. Kisha andika pembeni, haraka haraka, sifa za ankara: inadai malipo, ina tarehe ya mwisho, imeandikwa bila hisia, haifurahiwi na anayeipokea. Ankara pia ni karatasi nyembamba, lakini sifa hiyo haina kazi hapa, ifute. Katika zilizobaki, tafuta iliyopindua jambo. Kwa kawaida anayeomba radhi ndiye mwenye deni. Hapa deni limehamia kwa aliyekosewa. Yeye ndiye anayetakiwa kulipa, na malipo yenyewe ni msamaha. Mwisho rudi kwenye maneno jirani. Kwa nini "arrived"? Mwandishi angeweza kusema mtu huyo aliomba radhi. Badala yake radhi imejifikia yenyewe, kama barua ya posta, na mwenyewe haonekani.

Sasa andika: "Kwa kuifananisha radhi na ankara, mwandishi anaonyesha kwamba aliyekosewa anajiona anadaiwa msamaha, kitenzi 'arrived' kinamwondoa kabisa mkosaji kwenye tukio." Sentensi moja tu, na haiwezi kuhamishiwa kwenye matini nyingine. Tamathali tatu zilizochambuliwa hivi zinashinda kumi zilizoorodheshwa kama vitu vya dukani.

Tahadhari: si kila "like" au "as" ni tashibihi. "She looks like her mother" ni mfanano wa kweli kati ya watu wawili, na katika "As he spoke, the lights went out" neno "as" lina maana ya wakati. Tashibihi hukutanisha vitu vya jamii mbili tofauti.

Niliandika kwamba "the city's cold corners" ina takriri ya konsonanti c mara tatu. Nimekosolewa, na herufi ziko wazi!
*Nina Hoja*

Herufi ziko wazi, sauti ndiyo haipo. "City" inaanza na sauti ya s. "Cold" na "corners" zinaanza na k. Hapo una mbili, si tatu. Kiswahili kimetuzoesha vibaya: tunaandika karibu kila kitu kama kinavyotamkwa, hivyo jicho linaaminika. Kwenye Kiingereza liamini sikio. "Knife", "gnaw" na "night" zote zinaanza na n. "Phone" na "fire" ni jozi. "One" inakwenda na "wind", haiendi na "old".

Kuna mtego wa pili ambao vitabu vingi havitaji. Tukisema "vitabu vyetu vizuri vimepotea", zile v hazikuchaguliwa na mtu. Ni upatanisho wa kisarufi, hatuna namna ya kuukwepa. Kwa hiyo Mswahili anaweza kupita juu ya "the slow, silent snow" bila kushtuka. Kiingereza hakina upatanisho wa aina hiyo. Maneno matatu yenye uzito yakianza na sauti moja karibu karibu, kuna uwezekano mkubwa mwandishi aliyatafuta. Usihesabu viunganishi na vijineno kama "the", "this" na "that", maana vimejaa kila mahali.

Na tafadhali, usiandike kwamba s ni "sauti ya nyoka" kila unapoiona. Katika mfano wa theluji s inatuliza. Sauti huazima maana kutoka kwa maneno yanayoibeba.

Mizani ya ushairi wa Kiingereza inanishinda. Naambiwa mshororo una silabi 10, mimi napata 11 au 12.
*Mhesabu Vidole*

Inawezekana unahesabu kwa matamshi ya Kiswahili. Sisi tunapenda silabi iishie kwa irabu, ndiyo maana "desk" likawa "deski". Kwa Kiingereza "desk" ni silabi moja, na hata "strengths", pamoja na msongamano wake wote, ni silabi moja. Kinachohesabiwa ni sauti za irabu zinazosikika, haijalishi zimezingirwa na konsonanti ngapi.

Mtego mkubwa zaidi ni "-ed" ya wakati uliopita. Inakuwa silabi ya peke yake pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: "wanted", "needed". Kwingineko inamezwa: "washed", "called" na "asked" ni silabi moja moja. Mashairi ya zamani huweza kuitamka kwa makusudi, na baadhi ya wachapishaji huweka alama juu ya e kukuonya.

Jaribu huu: "The rain had washed the letters from the stone." Ukisema "wash-ed" unapata 11, ukisema inavyotakiwa unapata 10. Lakini kuhesabu silabi ni nusu ya kazi. Mshororo wa namna hii unasimama kwa mapigo matano ya mkazo: the RAIN had WASHED the LETters FROM the STONE. Usome ukigonga meza. Utasikia pigo la "from" ni hafifu kuliko mengine, na si kasoro. Mapigo yakilingana mno shairi linakuwa saa ya ukutani.

Mkuu wangu ameandika: "Your report is not without its problems." Amenisifu au amenilaumu?
*Karani*

Amekulaumu, kwa glavu. Mbinu hii hukanusha kinyume cha kinachokusudiwa. Kiswahili tunayo: "si haba" haina maana kwamba kitu si kidogo tu, ina maana kipo cha kutosha. Kiingereza cha ofisini huitumia kupunguza makali, hivyo usiitafsiri kwa uzito wa maneno yake. Isome ripoti yako upya kabla hujaitwa.

Usiichanganye na "I don't know nothing". Hapo makanusho mawili hayafutani. Msemaji hajui chochote. Ukiikuta katika riwaya, mwandishi anakupa lahaja na mazingira ya mhusika.

Kinaya nitakijuaje kwenye karatasi, ambako sauti ya msemaji haisikiki?
*Msomaji wa Usiku*

Kinaya ni kusema jambo huku ukikusudia kinyume chake, basi tafuta sifa zinazogombana na ushahidi uliowekwa kando yake. Mfano bora ni hotuba ya Antony katika tamthilia ya Shakespeare ya *Julius Caesar*, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Antony, akiwa kwenye mazishi ya rafiki yake Caesar aliyeuawa na Brutus na wenzake, anarudia kwamba Brutus ni "an honourable man", mtu wa heshima. Mara ya kwanza ni heshima ya kawaida ya mazishi. Kisha anataja kwamba Caesar aliwalilia maskini na aliikataa taji mara tatu, na baada ya kila ushahidi sifa ileile inarudi. Maneno hayajabadilika hata moja, lakini kufikia katikati ya hotuba yamegeuka tusi. Kwa hiyo usikinukuu kinaya peke yake. Nukuu na ule ushahidi wa jirani, la sivyo jibu lako halina miguu.

Kinaya cha matukio ni kingine. Mvua kunyesha siku ya harusi ni bahati mbaya tu. Mtu kusahau kwenye basi kitabu cha kunoa kumbukumbu, hicho ni kinaya, kwa sababu matokeo yamelipiga kofi kusudio lenyewe.