Mtani huanza na jembe

Mmeuliza kama utani wa makabila, yaani desturi ya makabila mawili kutaniana na kusaidiana, umebakiwa na kazi yoyote Tanzania ya leo. Umebakiwa nayo, na mahali pa kuiona ni msibani.

Wangoni na Wahehe walipigana vikali miaka ya 1870 na 1880, hakuna aliyemmaliza mwenzake, na uadui ukaishia kuwa utani. Wanyamwezi na Wazaramo waliunganishwa na njia ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo. Mpagazi aliyeugua ugenini alihitaji mtu wa kumpokea, na akifa, wa kumzika. Kwa hiyo maziko ndiyo kiini cha utani. Maneno makali hufuata baada ya kazi.

Msiba ukitokea, watani hupewa habari mapema. Wakifika hushika kazi ambazo wafiwa hawaziwezi kwa uchungu: kuchimba kaburi, kuchota maji, kupasua kuni, kupika. Hapo ndipo wanapopata haki ya vituko. Mmoja atavaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake na namna alivyokuwa akikohoa. Mwingine atajilaza kaburini, hatoki mpaka alipwe. Wengine watazuia jeneza njiani. Mfiwa akicheka katikati ya kilio, kazi imefanyika.

Utani huharibika pale mtu anapodai pesa bila kugusa jembe. Huyo ni mwombaji tu, na wazee wana haki ya kumfukuza. Kuzuia jeneza jua likizama huku shehe au padri anasubiri nako ni utovu wa adabu.

Lakini ugomvi mkubwa siku hizi hutoka kwenye ndoa za mchanganyiko. Mume Mpare, mke Mnyakyusa: Wachaga, watani wa mume, wanaanza vituko, na ndugu za mjane wanaona marehemu wao anadhalilishwa. Ngumi zinaweza kuzuka. Dawa yake ni mzee wa ukoo kukaa na wakwe usiku wa kuamkia maziko, awaeleze ni akina nani walio watani, watafanya nini, na kwamba atakayekasirika atatozwa faini. Ukoo nao utenge fungu dogo, noti za 1,000 na 2,000, likae kwa mtu mmoja asiye mfiwa wa karibu. Wajane na watoto wasiguswe mifuko.