Fremu za madirisha kuota ukungu: nilivyozitengeneza za kwangu Lamu

Dada, assalamu aleikum. Umesema nyumba yako iko Malindi karibu na ufuo, fremu za mbao zimepigwa vanishi mara tatu ndani ya miaka miwili, kila mara inabambuka na weusi unarudi, na vyumba vyenye kiyoyozi ndivyo vilivyoharibika zaidi. Sasa fundi anataka kupiga mara ya nne. Nakuomba umzuie kwanza.

Mimi nakaa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, nyumba ya matumbawe ya zamani, na njia hiyo nimeipita. Madirisha yangu ni ya mbambakofi, mbao ngumu inayosifiwa sana na maseremala wa huku, nikaamini haiozi. Kila kusi ikiisha nilikuwa nakwangua, napiga vanishi mpya, naridhika mpaka mvua za mwezi wa tano. Mwaka wa tatu mwimo mmoja, yaani mbao ya wima ya fremu, ukalegea, tukautoa. Upande wa mbele ulikuwa mkavu, unang'aa. Upande ulioegemea ukuta ulikuwa umelowa, mweusi tii, na kisu kilizama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Upande huo haukuwahi kuguswa na brashi tangu dirisha litiwe.

Maji yalikuwa yanatoka ukutani. Waliokarabati nyumba kabla yangu walibandua chokaa kuzunguka madirisha wakapiga saruji. Matumbawe hunyonya mvua na yana chumvi ndani yake, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua. Chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole. Saruji huuzuia, nao ukizuiwa hutokea penye upenyo, yaani kwenye mbao. Huko nako unakuta vanishi imefunga mlango. Mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, kuvu wa kuozesha wanapata makao, hata kama ni mbambakofi.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, nenda kagundue maji yako yanatoka wapi. Bonyeza kisu kwenye miguu ya miimo, pale inapokaa juu ya kizingiti cha chini. Kichwa cha mbao kilichokatwa hunyonya maji kama utambi wa kandili, na karibu kila mara uozo huanzia hapo. Tazama kama kizingiti kina mteremko wa kutoa maji nje. Changu kilikuwa kimelala kabisa. Tazama pia kama kuna silikoni iliyoziba chini ya fremu, maana yakishaingia maji hayana pa kutokea.

Kuhusu kiyoyozi: chumba kikiwa baridi, kioo na mbao nazo hupoa, na hewa ya pwani yenye mvuke ikigusa ubaridi huo inageuka matone. Kwako matone hayo yanakaa upande wa nje na kwenye nyufa za bawa la dirisha, usiku kucha. Usishushe kipimo chini ya nyuzi 25 au 26, na asubuhi fungua madirisha, futa kwa kitambaa kikavu. Hili peke yake litapunguza mengi.

Weusi wenyewe upime. Dondoshea tone la jiki, subiri dakika chache. Ukififia, ni ukungu. Ukibaki vilevile, hasa ukizunguka msumari, huenda ni kutu ya chuma iliyoingiliana na maji ya mbao, na dawa ya ukungu haitausaidia; ng'oa msumari utie skurubu ya shaba. Ukungu usiupige msasa ukiwa mkavu, vumbi lake ni baya kifuani. Vaa barakoa, usugue kwa maji ya sabuni, kisha pitisha siki. Na tafadhali, siki na jiki zisikutane kabisa, hutoa hewa ya sumu.

Baada ya hapo suuza kwa maji matamu. Mimi hupitisha kidole chenye maji kwenye mbao halafu nikakionja: kikiwa na chumvi nasuuza tena, kwa sababu rangi iliyopigwa juu ya chumvi haishiki. Kisha acha ikauke wiki mbili au tatu. Kazi hii ni ya kaskazi, Januari hadi Machi. Usiianze masika, hata fundi akikuhimiza.

Palipooza nilikata kwa patasi mpaka kwenye mbao nzima, nikatia kiraka cha mbao ileile kwa gundi isiyoyeyuka majini. Puti peke yake haikai. Saruji ya kuzunguka fremu niliibandua upana wa shubiri moja, nikarudisha chokaa. Chokaa mbichi hula rangi ya mafuta, kwa hivyo iache ikauke wiki kadhaa kabla ya kupaka rangi mbao iliyo karibu yake.

Vanishi angavu nimeiacha kabisa upande wa nje. Inapitisha jua, jua linachoma uso wa mbao chini yake, na vanishi inakosa pa kushika. Mafuta ya kitani matupu nayo, kwa unyevu wetu, hulisha ukungu. Nilichokaa nacho ni andakoti ya mafuta, yaani rangi ya chini inayotangulia, iliyolegezwa kidogo ili izame, kisha mikono miwili myembamba ya rangi ya mafuta. Pande zote nne, pamoja na ule wa ukutani, na vichwa vya mbao mara tatu. Kingo kali zizungushe kwa msasa kwanza, maana rangi hukimbia kwenye ukingo mkali. Leo ni mwaka wa nne, nimegusia vizingiti tu.

Ndani nilipaka mafuta ya kitani kidogo sana, yaliyochanganywa na tapentaini nusu kwa nusu, nikafuta yaliyobaki baada ya dakika 20, maana mbambakofi ni nzuri mno kufichwa. Ukifanya hivyo, vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavirundika kwenye kona. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze uani kimoja kimoja mpaka viwe vigumu, au uvilowanishe maji kabla ya kutupa.