Usisaini zamu ya usiku ya peke yako

Mkuu, umeuliza kuhusu cheti cha kazi ya kuhudumia wazee, ila hicho kiache kwanza. Umesema makao ya wazee yamekupa zamu ya usiku, wazee 22, uko peke yako, "ila wengi wanalala tu". Hayo ya "wanalala tu" ndiyo yaliyonimaliza mimi.

Msimamizi wangu aliniambia hivyohivyo. Saa tisa usiku babu mmoja akateleza chooni, kilo 80 na ushee. Mashine ya kunyanyulia ipo, ila inataka watu wawili, na mwenzangu yuko ghorofa nyingine na wazee wake. Babu anatetemeka kwa baridi, anaona aibu. Nikamkumbatia, nikamnyanyua kama gunia. Yeye akasimama. Mimi ndiye sikusimama. Diski ya kiunoni, miezi mitano kitandani, na hadi leo nikitaka kupiga chafya nashika ukuta kwanza.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, tangu 2007 inashauri mhudumu asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa. Mguu mmoja wa yule babu ulikaribia hapo!

Kwenye fomu ya ajali msimamizi akaandika "hakufuata utaratibu". Utaratibu wa watu wawili, zamu ya mtu mmoja! Huyohuyo, wakati wa korona 2020, alitupigia makofi akatuita mashujaa. Nilijaribu kulipia kodi kwa yale makofi, mwenye nyumba akagoma.

Na siku hizi kazi ni nzito zaidi. Familia nyingi hukaa na mzee mpaka zishindwe, kwa hiyo anayeletwa hageuki kitandani mwenyewe. Usipomgeuza kila baada ya saa chache anatoka vidonda. Huku kishikwambi kinadai ujaze kila ulichofanya, na mshahara bado ni wa kazi "isiyo na ujuzi".

Waulize: saa tisa usiku nikibonyeza kengele, anakuja nani, baada ya dakika ngapi? Wakijibu "tutaona", rudisha kalamu. Wakimtaja mtu, aingie kwenye mkataba. Mzee akianguka usimnyanyue: muulize anaumia wapi, mfunike blanketi, keti naye sakafuni mpaka mtu wa pili afike.

Kumbe uliuliza na kozi na mishahara. Wengine watakujibu, mimi nimekaa sana, kiuno kimeanza.