Usipeleke fomu ya udiwani siku ya mwisho

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama Mtanzania anaruhusiwa kugombea uchaguzi mdogo wa kata kwenye wilaya ya Uingereza, vipeperushi vichapwe vingapi, na uanze lini kupita nyumba kwa nyumba. Lakini umemalizia kwamba fomu utaipeleka "siku ya mwisho nikitoka kazini". Hapo nimeshtuka. Usithubutu!

Dirisha linafungwa saa kumi kamili jioni, siku ya 19 ya kazi kabla ya kura. Ikigonga saa kumi, basi.

Mimi yalinikuta 2023. Wilaya yetu hapa Kent ilichagua madiwani tarehe 4 Mei, na mwisho wa fomu ulikuwa Jumanne, 4 Aprili. Niliingia kama mgombea binafsi, jambo ambalo kwetu Tanzania sheria hairuhusu, kwa hiyo sikuwa na chama cha kunikagulia makaratasi. Nikamtegemea mzee mmoja aliyewahi kuwa diwani. Akanieleza kwamba siku hizi wanataka wadhamini wawili tu, si kumi kama zamani, na hakuna dhamana ya fedha. Kweli kabisa. Kisha akasema, "Chukua majirani wowote wa mtaani kwako, wote ni kata hii." Hilo ndilo lililonimaliza.

Nikafika ofisini saa tisa na nusu. Afisa akafungua daftari la wapiga kura, akapitisha kidole, akanyamaza. Mdhamini wangu wa pili, mama ninayesalimiana naye kila asubuhi, anakaa ng'ambo ya barabara, na mpaka wa kata unapita katikati ya barabara ile ile. Yeye ni wa kata jirani. Fomu haifai. Afisa yule simlaumu, sheria haimpi hata dakika moja ya kuniongezea. Nikaanza kupiga simu: mmoja yuko zamu, mwingine yuko London, wa tatu akapokea saa kumi na dakika saba. Na sahihi lazima mtu aitie mwenyewe kwenye karatasi, haitumwi kwa simu.

Vipeperushi 2,000 nilikuwa nimeshalipia. Lakini hela si kitu. Kuna familia zilizonionyesha ukungu kwenye kuta za vyumba vya watoto, zikasema zitanipa kura. Siku ya kura jina langu halikuwapo. Nilipomwuliza yule mzee, akajibu, "Ah, nilidhani." Mtu anayedhani asimshauri mgombea! Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Kuhusu kuruhusiwa: Tanzania iko Jumuiya ya Madola, kwa hiyo kupiga kura unaweza hata kwa kibali cha muda, ila kugombea unahitaji ukazi wa kudumu. Hakikisha unao.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi piga simu ofisi ya uchaguzi ya halmashauri, omba miadi wakukagulie fomu kabla hujaikabidhi rasmi. Ofisi nyingi hufanya hivyo, tena bure. Mwombe kila mdhamini namba yake ya daftari, kisha ilinganishe wewe mwenyewe na daftari la kata, herufi kwa herufi. Tafuta na wa tatu, akae akiba. Fomu ifike wiki nzima kabla. Wadhamini wako wanakaa upande gani wa barabara? Nijibu hapa leo.